Kabla ya Kuizika Kompyuta, Hesabu Sekunde

Yamkini nyumbani mwako au pale unapofanyia kazi kuna kompyuta ya mezani yenye tabia hii: unabonyeza kitufe, taa inawaka, feni inavuma kama mtu anayeamshwa usingizini, halafu kabla hujaona hata herufi moja kwenye skrini, kimya. Unabonyeza tena, yale yale. Kufikia mara ya tano unaanza kuizungumzia kama marehemu. Watoto wanasema imeungua. Jirani anasema ni virusi. Naye fundi wa kwanza utakayempata, ambaye ana kodi ya duka ya kulipa, atatikisa kichwa na kutamka neno moja zito: mathabodi.

Suala la virusi tulimalize hapa hapa. Virusi ni programu, na programu haifanyi lolote kabla haijasomwa kutoka kwenye diski. Mtambo unaozima kabla ya kuonyesha chochote haujafika huko. Ugonjwa wake ni wa umeme, wa joto au wa kifaa fulani kilicholegea, na mengi kati ya maradhi hayo hayahitaji kununua kitu chochote.

Nakuomba basi, kabla hujafungua pochi, ufanye jambo moja lisilogharimu hata senti. Tazama saa na uhesabu. Tangu feni ianze kuzunguka hadi mtambo uzime, ni muda gani? Ni kufumba na kufumbua? Ni sekunde nne? Ni nusu dakika? Swali hili nililisikia kwa mara ya kwanza kutoka kwa mzee mmoja fundi wa redio mjini Kagio, na lilimwokoa mtu wa jamaa yangu kutoka katika aibu ambayo pengine ingemhamisha mjini.

Kagio, kwa wale ambao hawajafika, ni mji wa soko katika kaunti ya Kirinyaga, kati ya Sagana na Kutus, si mbali na mashamba ya mpunga ya Mwea. Siku ya soko utakuta nyanya zimepangwa ndani ya masanduku ya mbao, ndizi zimelazwa chini kama kuni, na malori kutoka Nairobi yamesimama yakisubiri kupakiwa. Vumbi lake ni jekundu na jepesi, nalo huingia kila mahali, hata ndani ya saa ya mkononi. Hapo ndipo shangazi yangu, ambaye sisi wa kwetu humwita tata, ana chumba kimoja cha kupigia chapa, kutoa nakala na kuwasaidia watu kujaza fomu za serikali kwa intaneti. Upande mmoja amepakana na kinu cha kusaga mahindi. Upande wa pili kuna vijana wa kuchomelea milango ya vyuma. Kumbuka majirani hao, nitawarudia.

Kazi ya tata iliyo kubwa zaidi haimlipi chochote. Yeye ni karani wa chama cha akina mama ishirini na wanne, wengi wao wauzaji wa nyanya na ndizi, wanaoweka akiba kila wiki na kukopeshana. Desemba hugawana faida. Zamani hesabu zote zilikuwa katika daftari lenye jalada gumu. Daftari lilipojaa, tata alizihamishia kwenye kompyuta ya dukani, na kwa miaka mitatu kila kitu kilikaa humo: nani ameweka nini, nani amekopa, nani analipa riba, nani amedhamini nani. Nakala nyingine haikuwepo popote.

Wiki mbili kabla ya siku ya kugawana, kompyuta ikaanza kuzima.

Mwanzoni akina mama walimpa pole. Siku ya nne pole zilipungua. Siku ya saba niliposhuka kutoka kwenye matatu nilikuta maneno yameshaanza kuzunguka sokoni, na mama mmoja aliyekuwa akipanga nyanya alisema kwa sauti ya kusikika, bila kututazama, "Kompyuta gani inajua kuzima wiki ya kugawana pesa?" Tata alijifanya hakusikia. Tulipoingia dukani aliketi kwenye benchi la wateja na kunieleza kwamba miaka yote ya kuaminiwa ilikuwa imefungiwa ndani ya sanduku lile la bati, na kwamba alikuwa amefikiria kuuza ng'ombe ili alipe kila mtu kwa kukisia.

Alikuwa amekwisha kuita fundi. Kijana huyo alibadilisha pawa saplai, yaani kile kisanduku cha nyuma kinachopokea umeme wa ukutani, akachukua shilingi 3,500, na mtambo ukaendelea kuzima vile vile. Aliporudi alisema, "Mama, sasa ni mathabodi. Afadhali ununue mashine nyingine." Kwa haki yake, hakuwa mwongo. Alifikiri kama mafundi wengi wafikirivyo: ikiwa umeme ni mzuri na bado inazima, basi ubao ndio mbovu. Lakini kuna hatua kadhaa kati ya hizo mbili, naye aliziruka zote.

Hapa, msomaji, lazima nikueleze kidogo jinsi kompyuta inavyowaka, kwa sababu bila hilo kuhesabu sekunde hakutakusaidia. Zile za kale, kabla ya kampuni ya Intel kutoa mpangilio uitwao ATX mwaka 1995, zilikuwa na swichi nene iliyokata umeme wenyewe, kama ya taa ya sebuleni. Za baadaye hazina swichi ya namna hiyo mbele. Kile kitufe unachobonyeza hupeleka ombi tu. Kinagusanisha nyaya mbili nyembamba, ubao unapata habari, nao unaiamuru pawa saplai iamke. Pawa saplai hujichunguza kwanza: je, volti 12 zipo, volti 5 zipo, volti 3.3 zipo? Uchunguzi huo huchukua chini ya nusu sekunde. Ikiridhika, hupeleka ishara kwa ubao kwamba umeme ni salama, na hapo ndipo kazi huanza. Isiporidhika, au ikihisi mahali fulani umeme unavuja kwa kasi, hujizima papo hapo.

Kujizima huko ni ulinzi. Wakenya tuna mfano wake mkubwa ambao wengi wetu tuliucheka. Mnamo Juni 7, 2016, tumbili alipanda juu ya paa la kituo cha kuzalisha umeme cha Gitaru, kwenye mto Tana, akaangukia transfoma. Transfoma ikajikata. Mitambo mingine ya kituo ikalemewa na mzigo nayo ikajikata, megawati zaidi ya 180 zikapotea kwa mpigo mmoja, na nchi nzima ikaingia gizani kwa saa kadhaa. Tumbili alinusurika, akachukuliwa na watu wa shirika la wanyamapori. Watu waliuliza inakuwaje mnyama mmoja azime nchi. Jibu ni kwamba mitambo ilifanya kama ilivyoundwa: afadhali kuzima kuliko kuungua. Kompyuta yako inapozima ghafla, nayo mara nyingi imemwona tumbili wake mahali fulani ndani, na kazi yako ni kumtafuta.

Basi, ikiwa inazima kwa kufumba na kufumbua, feni ikigeuka nusu mzunguko tu, shuku umeme unaogusana mahali pasipofaa. Anza nje. Chomoa printa, skana, flashi na kila kinachoning'inia, ubaki na waya wa umeme peke yake. Chungulia matundu ya flashi kwa tochi, maana kijipini kimoja kilichopinda humo kinatosha kuuzima mtambo mzima. Badilisha waya wa umeme, halafu jaribu soketi nyingine, moja kwa moja ukutani, bila ule waya mrefu wenye matundu sita ulionunuliwa kando ya barabara. Utashangaa ni kompyuta ngapi zimetangazwa maiti kwa sababu ya plagi iliyolegea.

Kama bado, ichomoe kabisa, ubonyeze kitufe cha kuwashia kwa sekunde kumi hivi ili umeme uliobaki uishe, uguse chuma cha sanduku kwa mkono, kisha ufungue ubavu wake. Angalia kama kuna skrubu iliyoanguka ikalala nyuma ya ubao. Angalia wadudu. Ndani ya kompyuta mna joto na giza, na mjusi wa ukutani hapaoni tofauti na dari ya jikoni. Mende ndio hawasemeki. Angalia pia vile vimkebe vidogo vya silinda vilivyosimama juu ya ubao, viitwavyo kapasita. Kichwa chake kinapaswa kuwa bapa. Ukiona kimevimba kama mkate, au kimetoa uchafu wa rangi ya kahawia, hapo ni kweli ubao unaumwa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 viwanda vingi duniani vilitumia kapasita zilizotiwa maji mabovu ndani, na kompyuta nyingi sana zikafa mapema kwa ajili hiyo. Mwaka 2005 kampuni ya Dell pekee ilitenga dola milioni 300 kwa kurekebisha mashine zake zilizoathirika. Baadhi ya mashine za kizazi hicho ziliishia kuuzwa kama mitumba. Hata hivyo kapasita inaweza kung'olewa na kulehemiwa nyingine kwa bei ndogo, ukimpata fundi mwenye mkono mtulivu.

Jambo moja usilifanye, wewe wala mtoto wako aliyesoma mambo haya shuleni: usifungue pawa saplai yenyewe. Ndani yake mna kapasita kubwa inayoweza kubaki na zaidi ya volti 300 hata baada ya kuchomoa waya. Hiyo si ya kuchezewa.

Ikiwa inakaa kwa sekunde kadhaa au nusu dakika ndipo izime, na ukiiwasha tena mara moja inazima upesi zaidi, shuku joto. Prosesa, ambayo ndiyo ubongo, hukaa chini ya bonge la chuma lenye feni. Bonge likilegea, au feni ikikwama, prosesa hupata joto la kukaribia nyuzi 100 kwa muda mfupi sana, ikajizima isiungue. Kati ya prosesa na bonge hilo hupakwa mafuta mazito mfano wa dawa ya meno, ambayo baada ya miaka mingi hukauka yakawa kama chokaa. Kuyabadilisha ni kazi ya dakika ishirini. Kuhusu vumbi, burashi laini ya rangi inatosha, lakini izuie feni kwa kidole unapopangusa isizunguke ovyo. Ukitaka kujua vumbi la Kagio linaweza kufanya nini, ningekuonyesha tulichokitoa ndani ya ile ya tata. Kilijaza kasuku ya mafuta ya kupikia.

Wanaowaka na kuzima, kuwaka na kuzima bila kuguswa, mara nyingi ni vipande vya kumbukumbu, ramu, vilivyolegea. Vichomoe, usugue ile sehemu ya rangi ya dhahabu kwa raba safi ya penseli, uvirudishe hadi usikie vimebana. Kama ni viwili, jaribu kimoja kimoja. Na kama kompyuta imetoka kufunguliwa na mtu, hakikisha ule waya mdogo wa mraba wenye nyaya nne, unaopeleka volti 12 kwa prosesa, umerudishwa mahali pake. Ni rahisi kuusahau kwa kuwa umejificha pembeni.

Lakini ile ya tata haikuwa katika mafungu haya. Kumbe fundi wa redio, mzee ambaye kibanda chake kiko ng'ambo ya barabara na ambaye hakuna aliyefikiria kumwita kwa kuwa "yeye ni wa redio", alikuja jioni ile kuomba moto wa kuwashia jiko. Alikuta tumeinama. Akasimama mlangoni akitazama tata akibonyeza na mashine ikizima, akibonyeza na mashine ikizima. Kisha akaniuliza, "Inakaa sekunde ngapi?"

Hakuna aliyekuwa amehesabu. Nilitoa simu tukapima. Sekunde nne na kidogo. Tukapima tena, nne na kidogo. Mara ya tatu, hivyo hivyo.

"Joto halina saa," mzee alisema. "Hiki kitu kinahesabu."

Wewe mwanafunzi wa mambo ya kompyuta huenda umeshaelewa. Mashine hizi zimepangwa kwamba ukikishikilia kitufe cha kuwashia kwa sekunde nne au zaidi, zinazima kwa nguvu. Ndivyo tunavyofanya zinapokwama. Sasa, je, kitufe chenyewe kikibonyezwa kisirudi? Mashine itawaka, itaona kidole bado kiko pale, itahesabu nne, na kutii.

Mzee hakusema mengi. Alifuata kwa kucha zile nyaya mbili nyembamba kutoka kitufe cha mbele hadi pembeni mwa ubao, akazichomoa, kisha akagusanisha vile vijipini viwili vilivyobaki kwa ncha ya bisibisi, mara moja tu, akaondoa. Feni ikavuma. Nne zikapita. Kumi zikapita. Skrini ikaandika. Tata alisimama kutoka kwenye benchi, akaketi tena.

Kile kitufe tulipokitoa tulikuta kimeshikwa na kitu kama gundi: chai ya maziwa iliyomwagika siku nyingi zilizopita, ikachanganyika na vumbi jekundu. Shilingi 3,500 zilikuwa zimekwenda kwa kisichohusika.

Kabla ya jambo lingine lolote tulinakili jedwali la chama kwenye flashi mbili, moja ya tata na moja ya mweka hazina, na kuchapisha kurasa zote. Hapa kuna jambo ambalo ningependa kila mtu alijue, hasa ninyi mnaoandika tasnifu zenu usiku kwenye mashine za kuazima. Kompyuta inapokataa kuwaka, kazi yako haijapotea. Imo katika diski, na diski ni kisanduku kidogo kinachotolewa kwa skrubu nne na kuunganishwa na kompyuta nyingine nzima. Hata kama mathabodi ingekuwa imeungua kweli, hesabu za akina mama wale zingepatikana siku ile ile, kwa gharama isiyofika ya kuku. Kijana wa kwanza alipaswa kumwambia tata hivyo kabla ya kumwambia kitu kingine chochote. Si suala la ufundi. Ni kumtazama mteja usoni na kuona kinachomsumbua.

Niliahidi kuwarudia majirani. Kinu kinapoanza kuzunguka, na vijana wa vyuma wanapogusa moto, taa za dukani kwa tata hufifia. Umeme wetu unapaswa kuwa volti 240, lakini kwenye laini yenye mizigo kama hiyo hushuka na kupanda siku nzima. Pawa saplai dhaifu inaweza kujizima kwa kushuka huko peke yake, na ndiyo maana kuna kompyuta zinazowaka vizuri alfajiri na kukataa saa nne asubuhi. Ukiishi karibu na mashine za namna hiyo, stabilaiza au kile kisanduku cha betri kiitwacho yupiesi si anasa. Na umeme ukipotea, chomoa. Ulipokatika karibu nchi nzima Ijumaa usiku, Agosti 25, 2023, wengi waliketi gizani wakisubiri urudi, vyombo vyote vikiwa vimechomekwa. Hatari huja pale unaporudi, kwa kishindo.

Jambo jingine kwa wanaonunua mashine zilizotumika ng'ambo: nyuma ya baadhi ya pawa saplai kuna swichi ndogo nyekundu yenye namba 115 na 230. Marekani hutumia takriban volti 120. Mashine iliyotoka huko ikiwa bado imewekwa 115, ukiichomeka hapa utasikia mlio na kunusa moshi, na hapo hakuna kuhesabu sekunde. Isukume iende 230 kabla ya yote.

Akina mama waligawana siku waliyokuwa wamepanga, chini ya mwembe nyuma ya soko. Kila mmoja alipewa karatasi yake yenye jina na hesabu za mwaka. Yule wa nyanya alisoma yake mara mbili, akahesabu pesa zake mara mbili, akamwomba tata amchapishie nakala nyingine ya kupeleka nyumbani. Hakuomba radhi, wala tata hakuonekana kuitazamia.

Mzee wa redio alidai shilingi 200 na moto wa jiko. Kitufe cha mbele hakikupona hata baada ya kuoshwa kwa spiriti, hivyo alizichukua nyaya za kile kitufe kidogo cha pembeni, cha kuanzishia upya, akazichomeka mahali pa zile za kuwashia. Mashine sasa huwashwa kwa kitufe hicho, kwa ncha ya kalamu, na tata amebandika karatasi juu ya kile kikubwa iliyoandikwa kwa wino mwekundu: USIGUSE.